Mkia wa Jina Langu

Nilesh alinipigia simu Jumanne asubuhi, nimekaa jikoni nachambua mchicha, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mama yake amefariki. Mama yake ni Kusum. Alisema amekwenda taratibu, usingizini, na mazishi yatakuwa Ijumaa, na je, Aunty nitahitaji gari la kunifuata? Nikamwambia nitahitaji, magoti yangu si ya kupanda basi tena. Tukaagana. Nikarudi kwenye mchicha wangu, nikauchambua wote, nikauosha, nikaukatakata, ndipo nikagundua kwamba nalia. Miaka zaidi ya thelathini ya uuguzi katika mji huu, wafu niliowafumba macho sina idadi yao, na bado msiba ukija mlangoni kwangu unanikuta kama sijawahi kuuona. Kilichoniliza kwanza, nisiseme uongo, hakikuwa Kusum mwenyewe. Lilikuwa jina. Watoto wangu wananiita Mama, wajukuu wananiita Bibi, msikitini mie ni Mama Salim, kwa daktari ni Misis wa saa nne na robo, na kijana wa dukani ananiita love kama anavyomwita kila anayeingia. Wa kuniita Rehemaben alikuwa amebaki mmoja tu dunia nzima, naye ndiye huyo wa Ijumaa.

Hiyo ben sikuzaliwa nayo. Niliipata mwaka 1972, katika nyumba moja ya Aston, hapa Birmingham, Uingereza, na niliipata kwa ugomvi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nasoma uuguzi mwaka wa pili, na bweni la wanafunzi lilikuwa limenishinda kwa sababu ya chakula. Kila sahani ilikuwa na nguruwe au imepita jirani na nguruwe, na mama wa jikoni, mwanamke mpole kabisa, alikuwa akinihakikishia kwamba ni vipande vidogo tu, hata sitavisikia. Nikawa naishi kwa mkate na jamu. Mama yangu aliposikia hivyo aliniandikia barua kutoka Tanga: yule Harshad sonara, aliyenitengenezea vipuli nilivyovaa masikioni, amehamia huko huko Birmingham na familia yake, nikamtafute. Nikamtafuta. Alikuwa anafanya kazi kwenye karakana ya dhahabu kule Hockley, na nyumbani kwake kulikuwa na chumba kitupu juu, upande wa nyuma. Nyumba ya Wahindu wasiokula nyama ya aina yoyote. Kwangu ilikuwa kama nimeokota embe njiani.

Ilikuwa nyumba nyembamba, katika safu ya nyumba zilizoshikana mabega, choo uani, na barabara tatu kutoka uwanja wa mpira. Jumamosi watu wakishangilia bao, vyombo vya kabatini vilikuwa vinaitikia. Chini kulikuwa na vyumba viwili: cha mbele, kilichofungwa mpaka waje wageni, na cha jikoni, ambako ndiko maisha yote yalikuwa. Hita ya mafuta ya taa katikati, rafu ya miungu juu ya meza ya cherehani, harufu ya bizari na giligilani iliyoingia mpaka kwenye sare yangu ya wodini, na kando ya hita, juu ya stuli, mama yake Harshad. Alikuwa mjane, kwa hiyo alivaa sari nyeupe, na juu ya sari sweta la kiume la marehemu mumewe, na miguuni soksi nzito za sufu. Wote walimwita Ba, ambayo kwa Kigujarati ni mama, na pia ni bibi. Siku nilipofika, mwezi wa nne, niliweka sanduku chini, nikamwambia, "Hujambo, mama?" Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu. "Sijambo," akasema. "Funga mlango, baridi." Mazungumzo yetu ya kwanza yalikuwa hayo, na nakumbuka kila neno kwa sababu miezi saba baadaye nilikuja kuulizwa habari zake.

Kiswahili cha Ba nilikijua upesi, au nilidhani nimekijua. Kilikuwa cha amri tupu. Lete. Ondoa. Ngoja. Weka hapa. Funga mlango. Miaka karibu arobaini amekaa Tanga, nilikuwa nawaza, na katika lugha yetu nzima amechukua yale tu ya kumwambia mtumishi. Hakuwa mkali, lazima niseme haki. Sauti yake ilikuwa ya chini, na nikirudi zamu ya usiku nilikuwa nakuta Kusum ameniwekea chapati zilizofunikwa, na najua ni Ba aliyemkumbusha. Lakini alikuwa ananiambia "Rehema, lete maji" kwa namna ile ile, kwa pumzi ile ile, ambayo nilikuwa nikisikia mabibi wa Kihindi wakiwaambia mayaya wao kule mtaani kwetu, na mie nilikuwa nimesoma, nina cheti, na Waingereza wenyewe walikuwa wanasubiri nije niwapime damu.

Kusum alikuwa mke wa Harshad, rika langu, mzaliwa wa Tanga kama mie, na Kiswahili chake kilikuwa Kiswahili hasa, cha kutania na kusuta. Yeye ndiye aliyenifundisha ile nyumba. Jioni akisukuma chapati, mie nimekaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, kwa sababu ndani ya jikoni kwenyewe sikuwa nakaribishwa mbali, alikuwa ananieleza. Kila jina, alisema, lina mkia. Mwanamume unamwongezea bhai, yaani kaka. Mwanamke unamwongezea ben, yaani dada. Hata kama humjui, hata kama humpendi. Jina tupu ni la mtoto, au la mtumishi, au la mtu wako wa ndani kabisa ambaye wewe ni mkubwa kwake. Mumewe hamwiti kwa jina kabisa, hata akiwa peke yake chooni. Anamwita baba yake Nilesh, au anasema tu "unasikia?" na yeye anasikia. Ukikutana na mtu unaunganisha viganja mbele ya kifua, na maana yake ni nakuinamia. Mkubwa zaidi unainama hasa, unagusa miguu yake kwa vidole, naye anakuwekea mkono kichwani anakuombea maisha marefu. Nikamwambia mbona na sisi tuna hayo, mke haropoki jina la mumewe, anasema baba fulani, na mtoto hamwiti mkubwa jina tupu. Kusum akasema, "Ndiyo maana tulikaa Tanga, bwana, tusingeweza kukaa Ulaya." Tukacheka, kwa sababu nje mvua ya Ulaya ilikuwa inanyesha.

Tatizo langu lilianza hapo, nilipoelewa. Kabla sijaelewa nilikuwa naishi kwa raha. Sasa nikaanza kusikiliza. Ba alikuwa akimwita muuza maziwa, kijana wa Kiingereza mwenye chunusi, Jonbhai. Jirani yetu mjane, aliyekuwa akituchungulia kwa pazia na kulalamikia harufu ya vitunguu, alikuwa Dorisben. Kondakta wa basi, bhai. Mleta makaa, aliyekuwa mweusi kuliko mie kwa masizi, bhai. Mie peke yangu ndani ya nyumba ile nilikuwa Rehema, jina tupu, mkia hakuna. Na kwa kuwa Ba ndiye mkubwa, wote walifuata mdomo wake. Nilimuuliza Kusum siku moja kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, "Mwenzangu, mie ben yangu imepotelea wapi, kwenye meli?" Akaacha kusukuma chapati. Akatazama upande wa stuli, akashusha sauti. "Mimi siwezi kumtangulia," akasema. "Ba akianza, sote tutafuata siku hiyo hiyo. Nimemngoja nami." Na kulikuwa na jambo la bilauri. Nyumba nzima walikunywa chai kwenye bilauri za stili, na yangu ilikuwa ya kauri, yenye ua la buluu, inayokaa peke yake dirishani. Nilikuwa najiambia wamenichagulia nzuri. Mtu hujidanganya kwa muda anaouhitaji.

Kilichonifunga mdomo ni kwamba nilikuwa nampenda, jambo ambalo halina maelezo. Alikuwa na kisukari, na kila baada ya wiki mbili mie ndiye niliyempeleka kliniki. Tulikuwa tunakaa kwenye benchi, yeye kashikilia mkono wa koti langu kwa nguvu, na karani akiita Misis na jina la ukoo, mie ndiye namnyanyua. Huko ndiko nilikoliona jina lake kwenye faili. Jamna. Sikuwahi kulisikia likitamkwa. Nilesh, aliyekuwa na miaka sita, hakulijua. Harshad asingeweza kulitamka kwa mama yake, na Kusum, mkwe, ndiyo kabisa. Daktari akimuuliza Ba analala vipi, anakula nini, mie natafsiri, na yeye ananijibu kwa maneno mawili matatu, chumvi hapana, sukari kidogo, na tukitoka ananinunulia peremende kwenye kibanda cha pale nje, mie mwenye miaka ishirini na miwili, kisha ananiambia, "Rehema, shika mfuko." Nilikuwa nashika mfuko nikijisemea kwamba iko siku nitampa vidonge vyake.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwaka mpya wao, kesho yake ya Diwali, sikukuu yao ya taa, mwezi wa kumi na moja. Chumba cha mbele kilifunguliwa. Kusum alikuwa amepika wiki nzima, na nyumba ilijaa masonara wa Hockley na wake zao, watu waliotoka Tanga na Mombasa na Kampala, viatu vimerundikana mpaka ngazini. Ba alikaa kwenye kiti kikubwa, na kila aliyeingia aliinama akagusa zile soksi zake za sufu, wazee wenzake wakaunganisha viganja, watoto wakapigwa kikumbo cha kisogoni wakumbuke kuinama, naye akawawekea mkono kichwani mmoja mmoja. Nilikuwa nimetoka zamu asubuhi ile, sijalala. Kusum alikuwa amezidiwa na jikoni, nikasema nitamsaidia kupeleka chai, maana wageni ni wageni. Nikawa nazunguka na sinia. Mzee mmoja mwenye koti zuri alimaliza chai yake, akanyoosha bilauri hewani upande wangu bila kunitazama wala kukatisha maneno yake, na akaiacha hewani, kwa imani kamili kwamba mkono wa kuipokea utakuja. Niliipokea. Hapo hapo Ba, kutoka kwenye kiti, akasema, "Rehema, lete chai ingine."

Nilisimama na sinia. Nakumbuka nilisikia uchovu wote wa usiku ule ukinipanda kutoka kwenye nyayo. Sikupaza sauti, na hilo ndilo baya zaidi, nilisema kwa ile sauti laini tunayofundishwa wodini. Nikasema, "Jamna, chai imekwisha. Nikapike nyingine?"

Hata wasiojua Kiswahili walilisikia lile jina. Harshad alitazama vidole vyake. Kusum, aliyekuwa mlangoni, alivuta upindo wa sari akaziba mdomo. Yule mzee wa koti zuri sasa ndiyo akanitazama, kwa mara ya kwanza. Uso wa Ba haukukunjamana, haukufanya lolote, alikaa tu ananitazama, kisha akainama akaanza kunyoosha soksi yake ya kulia, kama vile hilo ndilo lililokuwa jambo la maana. Mtu mmoja akaanza kuzungumza habari za theluji. Nikaweka sinia juu ya meza, nikapanda chumbani kwangu, na nikajikaza kisabuni nisilie mpaka nilipofunga mlango.

Kesho yake nilifunga sanduku. Mwuguzi mwenzangu mmoja, Mkenya, alikuwa na chumba mtaa wa Acocks Green na alishasema tunaweza kukaa wawili. Harshad alikuwa amekwenda kazini, Nilesh shuleni. Nilishuka asubuhi kama saa nne, sanduku nimeliacha ngazini, nikaingia jikoni kuaga. Ba alikuwa kwenye stuli yake na ungo wa choroko mapajani, anatoa mawe. Kusum alikuwa kwenye sinki, mgongo umetutazama, na ule mgongo ulikuwa unasikiliza kila kitu. Nikasema, "Mama, nimekuja kuaga. Na jana nilikosa."

"Kaa," Ba akasema. Nikavuta kiti. Akatoa jiwe, akaliweka kwenye kisahani. Kisha akaanza kusema, na ndipo nilipopata mshangao wa maisha yangu, kwa sababu kilikuwa Kiswahili kamili, cha Tanga, chenye lafudhi ya kwao lakini kimenyooka.

"Siku ya kwanza umeingia na sanduku," akasema. "Umesemaje?"

"Nilikusalimu, mama."

"Umesemaje?"

"Nilisema hujambo, mama."

"Umesema hujambo, mama." Jiwe jingine. "Nikamwambia Kusum, huyu mtoto wa Tanga kabisa, ana macho ya Tanga. Nikasema labda amechoka safari, kesho atasema. Kesho hujambo. Kesho kutwa hujambo. Mimi nina miaka sitini na minane. Miezi saba unakaa nyumba yangu, shikamoo hata moja hukunipa. Nimengoja. Unafikiri mimi sijui shikamoo? Duka letu lilitazama barabara. Kila asubuhi watoto wanakwenda shule, wanapita mbele yangu. Wanamwambia muuza kahawa shikamoo. Wanamwambia mama wa karanga shikamoo. Kulikuwa na mzee mlevi alilala kwa ngazi ya duka langu, mguu wake unagusa mguu wangu karibu. Wanamwambia yeye shikamoo, wananiruka mimi, wanaanza tena kwa mtu wa mbele. Miaka thelathini na nane. Mvi zimejaa, mume amekufa, wananiruka. Siku wanataka vipini, wanasema wewe Mhindi, bei gani."

Mmoja wa watoto hao nilikuwa mie. Nilipita mbele ya duka lile miaka saba, na kitabu kichwani, na nilimwamkia yule mlevi. Hakuna aliyenikataza kuwaamkia Wahindi. Hakuna aliyenifundisha pia. Ilikuwa tu kwamba shikamoo ilikuwa na mipaka yake, na wao walikuwa nje ya mipaka, na sikuwahi kujiuliza nani aliichora. Mie niliyekuwa nimehesabu kila ben ya muuza maziwa sikujua kwamba upande wa pili wa hita kuna mtu anahesabu vilevile.

Lakini sikuwa tayari kushindwa kirahisi hivyo. Nikamwambia, "Na nyie mlituita boi, Ba. Baba mzima na watoto wake, boi. Mama wa watu, yaya. Mlitupa chai kwenye vikombe vyetu peke yetu." Nikatazama dirishani, kwenye bilauri yenye ua la buluu. Ba naye akatazama.

"Tuliita," akasema. Hakuongeza sababu. Nimekuwa nikimheshimu kwa hilo kuliko jambo lolote, kwa sababu nimekaa na watu wengi tangu siku ile, wa rangi zote, na wachache sana wanaweza kusema neno moja la namna ile wakaacha hapo.

Nimelifikiri sana jambo hili uzeeni. Kijana mmoja mjukuu wangu, niliyemsimulia, alisema basi mlikuwa sawa, ngoma droo. Nikamwambia hapana, usinirahisishie. Kurukwa kwa salamu kunauma, lakini hakumfanyi mtu ale nje ya mlango. Wao walikuwa na duka, sisi tulikuwa na barabara tu. Sijawahi kukubali kwamba ni sawa, na Ba mwenyewe hakudai hivyo. Nilichokijua asubuhi ile ni kidogo zaidi, na kinanitosha: kwamba nilikuwa nimekaa miezi saba nikimdai heshima mwanamke mzee ambaye sikuwahi kumtazama nikaona mzee. Nilikuwa nimeona Mhindi.

Kisha Ba akaweka ungo chini. "Lile jina," akasema. "La jana." Nikajua sasa inakuja. "Sema tena."

"Ba, nimeshasema nilikosa."

"Sema."

Kule kwenye sinki maji yalikuwa yamefungwa. "Jamna," nikasema.

Alifumba macho. Alikaa hivyo, mikono juu ya magoti, mpaka nikafikiri sukari imeshuka nikataka kumshika mshipa. "Dada yangu mkubwa ndiye alikuwa ananiita," akasema, macho bado amefumba. "Amekufa India mwaka tuliopanda ndege. Kabla yake mama, kabla yake baba. Mtu wa kuniita hivyo lazima awe mkubwa kwangu, na wakubwa kwangu wote wamekwisha. Hapa mimi ni Ba. Harshad Ba, Kusum Ba, watu wa Hockley Ba. Heshima tele. Jana nilikasirika sana, nilitaka mwanangu akutoe nje na sanduku lako. Kisha nikalala, nikalia, na sijui nilililia lipi." Akafumbua macho. "Lakini usiseme tena mbele ya watu. Aibu."

Kusum alicheka kwa pua, akageuza kuwa kikohozi. Na mie, sijui niliamuaje, mwili ulitangulia akili, niliteleza kutoka kwenye kiti nikapiga magoti kwenye ule mkeka wa plastiki, nikaweka mikono yote miwili juu ya zile soksi za sufu. Maisha yangu yote nilikuwa nimesema neno lile nikiwa nimesimama, nikikimbia, nikiwa na kitabu kichwani. Wazee wetu husema lenyewe ni kushika miguu, na mie sikuwahi kushika mguu wa mtu. Ulikuwa wa baridi, mdogo, umevimba kidogo kwa kisukari. Nikasema, "Shikamoo, Ba."

Alingoja kidogo. Nadhani alitaka lipite vizuri masikioni. Kisha nikasikia mkono kichwani.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, Rehemaben." Na bila kuuondoa mkono, akageuza kichwa, akapaza sauti kama vile Kusum yuko Hockley na si hatua tatu kutoka pale: "Kusum, mpe Rehemaben chai."

Chai ilikuja kwenye stili. Iliniunguza vidole, zile bilauri hazishikiki, na sikuiweka chini. Sanduku Kusum alilipandisha mwenyewe juu. Jioni Harshad alirudi kutoka kazini, akavua viatu, na kabla hajaambiwa lolote na mtu niliyemwona, akaniuliza, "Rehemaben, zamu yako ni saa ngapi kesho?" Nilikaa pale mpaka nilipoolewa. Ba alikufa miaka mitano baadaye, na kila asubuhi ya Mungu aliyokuwa hai nilimpa shikamoo yake. Mara moja moja, tukiwa kwenye benchi la kliniki, karani ametusahau na hakuna mtu wa kwetu karibu, nilikuwa namwinamia sikioni nalitaja lile jina polepole. Alikuwa anajifanya hamnazo. Lakini alikuwa anaubana mkono wa koti langu.

Ijumaa nilikwenda. Waliweka jeneza wazi, Kusum amevishwa sari nyekundu, kwa kuwa alitangulia na Harshadbhai bado yupo, kwenye kiti cha magurudumu, haelewi sana, hata jina langu halikumbuki. Kila mtu alipita akaweka maua. Zamu yangu ilipofika sikuona pa kuanzia. Tulikuwa tumeitana dada miaka zaidi ya hamsini, mie namwita Kusumben, yeye ananiita Rehemaben, hata siku aliponipigia simu kunitukana kwa sababu ya mapishi ya kachori. Niliweka ua, nikasema, "Nenda salama, Kusumben," na hiyo ndiyo ikawa ya mwisho, yake na yangu.

Baadaye, kwenye ukumbi, nikakalishwa kwenye kiti kizuri karibu na hita, kama inavyostahili umri wangu. Watu wakawa wanakuja, vijana nisiowajua majina, wananiinamia, Aunty, Aunty. Binti wa Nilesh akaja na mwanawe, msichana wa kama miaka mitano, akamsukuma kisogoni kidogo. Mtoto akainama, akagusa viatu vyangu kwa vidole vyake, na mie sijawahi kujifunza zile dua za Kigujarati za kujibia. Nikamwekea mkono kichwani nikasema, "Marahaba." Akanyanyuka, akanitazama kwa makini, akaniuliza kwa Kiingereza ninaitwa nani.

"Rehema," nikamwambia.

"Hello, Rehema," akasema mtoto.

Mama yake akashtuka, akamshika bega, akamwambia kwa Kiingereza hicho hicho, "Sema Rehema-ba. Huyu ni mkubwa, huwezi kumwita hivyo. Samahani sana, Aunty."

"Mwache," nikasema, na nikaona hanielewi, Kiswahili hakikumfika, basi nikamgeukia mtoto mwenyewe, nikainama mpaka magoti yakalia, sikio langu likawa karibu na mdomo wake. "Say it again," nikamwambia.